Bima Tatu za Mguu Mmoja

Msichana aliyepoteza mguu kwa sababu yangu alikuwa rafiki yangu. Watu wa rika langu wakifika mahali kama hapa kwenye hadithi zao husema "kwa bahati mbaya." Mimi sisemi. Bahati haikuwa na kazi yoyote pale. Kazi niliifanya mimi, mchana kweupe, nikiwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya wakala wa bima mjini Nakuru. Mwenye ofisi alikuwa Mwingereza aliyekawia kuondoka baada ya uhuru, mtu mpole, mvivu, mpenda samaki. Mimi nilikuwa Mwafrika wa kwanza kuketi nyuma ya kaunta ile badala ya kufagia mbele yake, na maringo yangu yalikuwa ya kiasi hicho. Nilitoka kijijini kwetu Bahati kila asubuhi, na mama aliwaambia majirani kwamba bila mimi magari ya wazungu hayawezi kutembea. Hakukosea sana.

Mkubwa wangu alikuwa na desturi ambayo mji mzima uliijua. Kila alipokwenda Naivasha kuvua, na alikwenda mara nyingi, alitia sahihi karatasi tano au sita tupu zenye jina la kampuni na kuniachia kwenye droo. Mteja akija na shida ya haraka, tuseme gari limegongwa Gilgil na gereji haitaki kuligusa bila neno letu, mimi nilichapa barua juu ya sahihi ile: kampuni itabeba gharama, endeleeni na kazi. Aliwahi kutaja kwamba zilikuwa hasa za magari, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani, "Lakini wewe iko na akili. Tumia." Nilikuwa nimeitumia akili hiyo kwa trekta, kwa lori la maziwa, na mara moja kwa farasi wa mama mmoja wa mtaa wa Milimani.

Rafiki yangu alikuwa binti wa Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Tulikutana sekondari, miaka ile shule za mji zilipoanza kupokea watoto wa rangi zote, tukawekwa dawati moja. Alikuwa mchangamfu, mkarimu, mtu wa kusema kwanza na kufikiri baadaye. Chakula alichofungiwa nyumbani kwao tulikula wawili kila siku, na sikuwahi kumwomba.

Sasa niseme kilichoharibika. Tukiwa kidato cha pili nilimsindikiza dukani kwao kuchukua mwavuli. Baba yake alikuwa akipanga kufuli mpya kwenye kaunta. Akanitazama, kisha akamwambia binti yake maneno machache kwa Kipunjabi, na binti akacheka. Tulipotoka nikamuuliza mzee amesema nini. Akanijibu, bado anacheka, "Ati niangalie mikono yako. Usijali, husema hivyo kwa kila mtu."

Nami nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mle dukani mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma kwa adabu, kama nilivyofundishwa nyumbani. Baba nilimsamehe upesi, kwa maana watu wa namna yake walikuwa tele mjini na ungemnunia yupi ukamwacha yupi. Yule binti sikumsamehe. Kesho yake nilikula chakula chake kama kawaida, na mwaka uliofuata pia, na hakujua.

Baada ya shule alikwenda Uingereza kusomea ualimu, akarudi, akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo hapo mjini. Akachumbiwa, harusi ikapangwa mwezi wa nne. Kabla ya harusi wenzake wa chuoni walimwalika Uswisi wiki mbili kucheza kwenye theluji. Alikuja ofisini mwenyewe kunieleza, na sahani ya vitamutamu imefunikwa kitambaa.

"Unafunga mbao mbili miguuni," akasema, "halafu unateleza kutoka juu mpaka chini."

"Na ukifika chini?"

"Unapanda tena."

"Na hiyo kitu mnalipa?"

"Tunalipa sana!" akasema, akanisukumia sahani.

Nilipomsimulia mama, alitaka kujua kama wazazi wa yule msichana wana habari.

Walikuwa na habari. Siku chache baadaye baba yake akaja kumkatia bima ya safari, na hapa yafaa niwaeleze jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoishi. Mtu hakununua mahali pamoja tu. Mawakala wa bima mjini tulikuwa watatu, na wote watatu tulichukua mabati, rangi na misumari kwa mzee yule. Kwa hiyo bima ya moto ya duka alimpa mmoja, ya lori akampa mwingine, ya nyumba akatupa sisi, na hakuna aliyenuna. Safari ya binti haikugawanyika vipande vitatu. Basi akainunua nzima mara tatu.

Hakunificha. Nilipofika penye swali la kama kuna bima nyingine, alitoa mfukoni zile mbili za kwanza akaziweka mbele yangu kwa fahari.

"Kila mtu napata kidogo," akasema. "Na mtoto yangu iko salama zaidi. Msumari moja nalegea. Tatu hapana toka."

Nilizisoma. Zote tatu, pamoja na yetu, zilikuwa na kifungu kilekile kwa maandishi madogo: kama kuna bima nyingine inayolinda jambo hilohilo, hii itangoja ile ilipe kwanza, kisha itajazia kilichopungua. Hali ilikuwa ya wageni watatu waliosimama mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe. Kazi yangu ilikuwa kumwambia mzee arudishe mbili na abaki na moja. Ingechukua dakika mbili. Sikumwambia. Wakati ule sikumwombea mtu mabaya, niliona raha tu kumtazama mtu mwerevu akijikosea. Nikapiga muhuri, nikamtakia binti yake safari njema.

Telegramu ilifika Januari, siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana. Mkubwa alikuwa ameondoka asubuhi kwenda ziwani, hadi Jumatatu, na kule alikokuwa hakuna simu. Rafiki yangu alikuwa ameanguka. Mguu umevunjika mahali pawili na mfupa umetoboa ngozi. Alikuwa katika hospitali ndogo ya mlimani isiyoweza kumtengeneza, ilibidi apelekwe mjini kwa daktari wa upasuaji upesi, kabla kidonda hakijaoza, na hawakuwa tayari kumsafirisha wala kumpasua bila neno la kampuni moja kwamba italipa. Mwishoni kulikuwa na maneno haya: mpeni rafiki yangu wa ofisini, yeye atajua la kufanya. Telegramu hulipiwa kwa neno. Maneno yale alikuwa ameyalipia ili yanifikie mimi.

Niliisoma mara mbili. Nitasema nilichokisikia tumboni, kwa kuwa nimekificha vya kutosha: ilikuwa furaha. Haikuwa kubwa wala haikudumu, lakini ilikuwa furaha, na iliniambia kwamba safari hii wao ndio watakaosimama na mimi ndiye nitakayetazama.

Nikampigia baba yake simu, maana sikutaka mtu aseme sikumpigia. Alipofika ofisini kwangu alikuwa ameshapita benki. Fedha alikuwa nazo, lakini siku zile huwezi kutuma hela nje ya nchi hivihivi. Ruhusa ilitoka Nairobi, nayo ilichukua wiki. Alikuwa pia amepita kwa wale mawakala wawili. Kila mmoja alimfunulia kile kifungu kidogo na kumwambia angoje wenzake waanze.

"Hiyo hapana shida," akaniambia, akihema. "Mkubwa yako naacha karatasi na sahihi. Mji yote najua. Wewe andika barua moja tu. Sema hii kampuni nalipa kwanza, halafu nyinyi tatu mtagawana."

Alikuwa amepata jawabu sahihi peke yake, bila kusomea bima. Barua ile ingekuwa na mistari minne. Karatasi zilikuwa chini ya kiwiko changu, nyuma ya ubao mwembamba wa droo.

"Hizo ni za magari, mzee," nikasema.

"Uliandika ya farasi."

"Farasi alikuwa na bima moja."

 Nikaendelea, kwa sauti ile tamu ya kaunta, kwamba kampuni ina utaratibu. Aniletee barua mbili kutoka kwa wale mawakala wengine, kila mmoja akikiri kwamba halipi, kisha mimi nitaona la kufanya. Nilijua hawatamwandikia. Hakuna wakala duniani anayeweka kwenye karatasi kwamba halipi. Mzee akaniamini, akashukuru, akatoka mbio. Kupitia dirishani nilimwona akivuka barabara bila kutazama magari.

Ijumaa alikuja mara tatu. Mara ya kwanza kusema mmoja amekataa kuandika. Mara ya pili kusema wa pili amekubali, lakini anataka barua yangu kwanza. Mara ya tatu alikuja na telegramu nyingine, kwamba homa imepanda. Kila mara nilimwacha asimame. Kiti cha wateja kilikuwa na mafaili juu yake, na mafaili yale nilikuwa nimeyaweka mimi. Nilimwandikia kila kitu kwenye daftari, saa aliyofika na alichosema, nikamsomea ahakikishe ni sawa. Nilifanya kazi nzuri sana siku ile.

Mtu ataniuliza kama sikufikiria mguu. Niliufikiria. Usiku Bahati niliuona, na nikajiambia kwamba madaktari wa Ulaya wanajua mambo, kwamba mifupa huunga, kwamba siku mbili si kitu. Nilijiambia pia kwamba kesho nitaandika. Nililala vizuri kwa sababu ya hiyo kesho.

Jumamosi tulifunga saa saba. Zikiwa zimebaki dakika chache, mzee akaingia. Hakuwa na barua yoyote. Alikuja mpaka kaunta, akainua mikono, akavua kilemba chake, akakiweka mbele yangu juu ya rejista.

Nilikuwa nimekaa dawati moja na binti yake miaka minne. Nilijua maana yake. Mtu wa dini yake hawezi kukupa kitu kikubwa zaidi ya hicho, na akishakupa hana kingine. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zimefungwa fundo dogo utosini, na bila kilemba alionekana mzee kuliko nilivyodhani.

"Beti," akasema. Ndivyo alivyomwita binti yake, maana yake mwanangu kwa lugha yao. "Andika."

Nikatazama saa ukutani. Nikamwambia, "Mzee, tumefunga. Njoo Jumatatu."

 Kisha akachukua kilemba, akajaribu kukifunga palepale, mikono ikakataa, akatoka amekishika kifuani. Nikafunga milango miwili, nikaangalia kama madirisha yamebanwa, nikaenda zangu nyumbani. Njiani nilinunua nyama.

Jumatatu asubuhi mkubwa alirudi, amechomwa na jua pua nzima. Alizisoma telegramu na daftari langu amesimama, kofia bado kichwani. Akafungua droo yangu mwenyewe, akatoa karatasi moja, akaniamuru niandike mistari minne. Baada ya dakika kumi ilikuwa posta, inatumwa kwa telegramu.

"Kwa nini wewe hapana andika Alhamisi?" akaniuliza baadaye.

"Ulisema ni za magari, bwana."

Akafikiria. Ni kweli aliwahi kusema hivyo. Akaniambia kwamba nimefanya sawa, kwamba msichana mwingine angebabaishwa na machozi akaiingiza kampuni matatani. Miezi miwili baadaye nikawa karani mkuu, nikapewa meza karibu na dirisha.

Rafiki yangu alisafirishwa Jumanne. Kidonda kilikuwa kimeshaoza. Alhamisi wakamkata mguu chini ya goti. Na zile kampuni tatu, nilizomwambia mzee kwamba haziwezi kukubaliana, zilikubaliana kwa barua tatu fupi, zikagawana gharama kwa theluthi bila neno la ubishi, hata la ule mguu wa bandia.

Alirudi mwezi wa tatu. Nilimwona kutoka kwenye meza yangu mpya akivuka barabara kwa magongo, sari imekunjwa upande mmoja, na nikatafuta sababu ya kwenda nyuma nisiipate. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa hata na majibu. Akaingia, akaegemeza magongo kwenye kaunta, akanikumbatia.

"Baba ameniambia vile ulihangaika," akasema. "Ati mkubwa alikuwa amefunga karatasi zote akaenda na funguo. Ati Jumamosi ulilia hapa mpaka yeye ndiye akakubembeleza."

Nikalia. Akanibembeleza.

Tangu hapo nilikuwa wake. Wakwe walikuwa wameshatuma watu kurudisha zawadi za uchumba, kwa heshima nyingi, wakisema nyota za watoto hawa hazikupatana. Shule ilisema watoto wadogo wataogopa. Wenzake walikuja mara moja moja na matunda, kisha wakaacha. Akanitaka mimi. Kila Jumamosi baada ya kazi nilikwenda kwao Milimani, nikamsaidia kuoga, nikamkanda ile sehemu iliyobaki, nikajifunza kufunga mikanda ya mguu wa bandia isimchubue. Alinieleza mambo ambayo hakumwambia mama yake. Kwamba kidole gumba kisichokuwepo humuwasha. Kwamba kule mlimani alihesabu siku, na kila siku alimwambia nesi, ngoja, niko na mtu Nakuru.

Baba yake alinipokea kila Jumamosi kwa adabu kamili. Alinivutia kiti. Alimwambia mkewe anipakulie. Mezani aliniuliza habari za mama na za mahindi ya Bahati, na hakunitazama machoni hata mara moja. Nilisubiri aseme. Niliomba aseme. Mwaka ukapita, ukaja wa pili, na mzee akazidi kunikaribisha chakula.

Kisha leseni ya duka ikakataliwa, kama za Wahindi wengi miaka ile, wakaamua kuhamia Kanada. Jumamosi ya mwisho nilimkuta sebuleni peke yake, anafunga masanduku kwa kamba. Nikasimama mbele yake. 

"Mzee, ile siku..."

"Mimi ilikuwa hapo ile siku," akasema, hakuacha kufunga.

"Nataka kumwambia kabla hamjaenda. Siwezi tena. Kila akinishukuru..."

"Wewe nataka kulala usingizi," akasema. "Hiyo tu nataka."

Akakaza fundo, akaketi juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kilemba akanitazama. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Sikiza. Bwana imekataa yeye. Kazi imekataa yeye. Rafiki moja tu imebaki, na ni wewe. Mimi nimeangalia hii mambo siku nyingi. Kama mimi nasema wewe ni nani, yeye atakosa hata hiyo. Mguu wewe imechukua. Rafiki hapana chukua."

"Nifanye nini basi?"

"Barua. Kila mwezi. Barua nzuri, ya kuchekesha. Mimi nikikufa, andika tu. Yeye akiuliza kitu, wewe sema vile mimi nilisema: ulilia."

Kutoka chumbani sauti ya rafiki yangu ikaniita, mkanda umejipinda na hawezi kuufikia peke yake. Baba yake akaokota kamba, akageukia sanduku lingine. Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya kitanda, nikaufungua mkanda, nikaunyoosha, nikaanza upya. Alikuwa amenishika bega ili asianguke.

"Sijui ningekuwa wapi bila wewe," akasema.

Nikaingiza mkanda kwenye bizimu yake, nikakaza, nikamwambia asimame tuone kama umekaa sawa.